Usishuke Njiani: Kutambua na Kuvuka Shambulio la Hofu

Matatu imetoka Kisumu asubuhi, imepita Ahero na Awasi, sasa inapanda kuelekea Kericho. Ghafla abiria mmoja wa dirishani anasikia moyo unamdunda kama ngoma. Viganja vinalowa jasho, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, hewa haimtoshi. Kichwani limebaki wazo moja: nakufa. Anamwita makanga, gari linasimama, anashuka kando ya barabara. Dakika 10 baadaye ametulia, na ameshajifunza jambo la uongo, kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa.

Kilichomshika huitwa shambulio la hofu. Wengi wetu hatulijui kwa jina hilo. Tunasema presha imepanda, pumzi imekata, au tunaanza kushuku mkono wa mtu. Kazi ya mwongozo huu ni tatu: kuhakikisha si ugonjwa mwingine, kulivuka shambulio lenyewe, na kurudia mahali ambapo hofu imekufukuza. Kazi ya tatu ndiyo inayoponya. Ndiyo pia inayorukwa na karibu kila mtu.

Linavyokuja

Shambulio la hofu halipandi polepole kama wasiwasi wa karo au wa deni. Linakuja kwa kishindo, linafika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi hata 10 hazifiki, kisha linashuka lenyewe. Mengi huwa yamekwisha ndani ya nusu saa, ingawa uchovu na mtetemo mdogo vinaweza kubaki saa kadhaa. Ukiambiwa lilidumu siku nzima, aidha yalikuwa mashambulio yaliyofuatana, au ni kitu kingine.

Madaktari huhesabu dalili 13: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kukosa pumzi, koo kubana kama unanyongwa, maumivu ya kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, baridi au joto la ghafla, ganzi, kuona kama uliyopo si wewe au mahali ulipo si pa kweli, hofu ya kurukwa na akili, na hofu ya kufa. Zikitokea 4 au zaidi kwa mpigo, hilo ni shambulio kamili. Ile ya kuona kama si wewe huwatisha watu kuliko maumivu, na wengi hawaitaji hata kwa daktari wakihofu kuitwa wendawazimu. Itaje. Ni dalili ya kawaida ya shambulio na haiashirii wazimu.

Shambulio moja si ugonjwa. Watu wengi hupata moja au mawili maishani, baada ya msiba, ajali au majuma ya kukosa usingizi, kisha basi. Linakuwa ugonjwa linapojirudia bila sababu ya kuonekana, na kwa mwezi mmoja au zaidi ukawa unaishi ukilingojea lijalo au unabadilisha maisha kulikwepa: hupandi gari, huendi sokoni, kanisani huketi ila mlangoni. Huanza sana ujanani, na wanawake hulipata karibu mara mbili ya wanaume.

Kwa nini mwili unafanya hivi

Ukilijua hili hofu hupungua, kwa hiyo usiliruke. Mwili una king'ora chake. Kikilia, homoni ya adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unaongeza mwendo, misuli inakaza, pumzi inaenda haraka, yote ili ukimbie nyoka. Tatizo ni kwamba hakuna nyoka na wewe umeketi. Pumzi ya haraka isiyo na kazi ya kufanya inapunguza kaboni dioksidi mwilini. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inajibana kidogo, ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi. Vidole na midomo vinaingia ganzi. Hapo unahisi hewa haitoshi wakati oksijeni imejaa. Ukivalishwa kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni katikati ya shambulio, kwa kawaida kitasoma asilimia 95 kwenda juu.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mzunguko unaobaki baada ya hapo. Mwili unatoa ishara ndogo, labda moyo umeruka pigo moja. Akili inaitafsiri kuwa balaa. Tafsiri hiyo inaongeza adrenalini, adrenalini inaongeza ishara, na ishara "inathibitisha" balaa. Huku kwetu ishara za kwanza ni nyingi. Joto la Kisumu la saa nane mchana linatoa jasho na kizunguzungu. Barabara ya kupanda hadi Mau Summit inafika zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, masikio yanaziba na pumzi inakuwa fupi kidogo. Mtu asiye na hofu hupiga miayo na kuendelea na gumzo. Aliyeshikwa mara moja anaanza kujipima mapigo shingoni.

Kwanza, hakikisha si kitu kingine

Usijitangazie kuwa ni hofu tu mara ya kwanza. Shambulio la kwanza lenye maumivu ya kifua linastahili kupimwa siku hiyo hiyo. Na kuna hali za kwenda hospitali mara moja, hata kama hii ni mara ya kumi:

- Kifua kinauma kama kimewekewa gunia, maumivu yanakwenda mkononi, tayani, shingoni au mgongoni, yalianza ukibeba mzigo au ukipanda ngazi, au yamepita dakika 15 bila kulegea. Hatari inaongezeka kama umevuka miaka 40, una presha au kisukari, au unavuta sigara.
- Umezimia kabisa. Hofu mara chache huzimisha, kwa sababu wakati wa shambulio presha hupanda, na anayezimia ni yule ambaye presha imeshuka.
- Mguu mmoja umevimba na unauma, kisha pumzi inakata, hasa majuma machache baada ya kujifungua au upasuaji. Huenda damu imeganda.
- Wewe ni mjamzito na kichwa kinauma sana, macho yanaona vimulimuli, uso au mikono imevimba.
- Una seli mundu (sickle cell) na kifua kinauma, kuna homa au pumzi fupi. Familia nyingi za Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega zinaujua ugonjwa huu. Kwao maumivu ya kifua ni dharura, na mazoezi ya pumzi yasiwacheleweshe.
- Una pumu na kifua kinapiga filimbi. Tumia dawa yako ya kuvuta kwanza. Dawa hiyo yenyewe, salbutamoli, hutetemesha mikono na kukimbiza moyo kwa muda. Hilo si shambulio.

Anayetibiwa kisukari apime sukari kabla ya kudhani lolote. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, ale vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari ndani ya maji, apime tena baada ya dakika 15. Eneo la ziwa, moyo kwenda mbio pamoja na homa na baridi ni wa kupimwa malaria siku hiyo.

Baada ya dharura kuondolewa, zipo zile zinazojificha: upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi (kukonda huku unakula vizuri, kuhisi joto wakati wengine wana baridi, mikono kutetemeka muda wote), na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo chanzo chake ni maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Kwa hiyo omba vipimo hivi mara moja, vyote: presha, mapigo, oksijeni, sukari, wingi wa damu, homoni za tezi, na kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Mweleze daktari ni dakika ngapi ilichukua kufika kileleni na ulikuwa ukifanya nini. Maelezo hayo mawili humsaidia kuliko orodha ndefu ya dalili. Taja pia kila unachotumia: dawa za mafua, miraa, muguka, bangi, vinywaji vya kuongeza nguvu. Hivi vyote vinaweza kukimbiza moyo, na bangi ya kwanza ndiyo iliyowaanzishia wengi shambulio la kwanza.

Vipimo vikitoka safi, simama hapo. ECG ya tano haiongezi usalama. Inakununulia siku mbili za utulivu, kisha shaka inarudi na pesa zimekwenda.

Neno kuhusu presha, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mtu ameshikwa, anakimbilia duka la dawa au kwa yule mwenye mashine kando ya barabara, anapimwa akiwa bado anahema, mashine inasoma 160 juu ya 100. Anaambiwa ana presha, anauziwa vidonge. Kipimo cha namna hiyo hakina maana. Presha hupimwa ukiwa umeketi dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, hujanywa chai wala kahawa nusu saa iliyopita. Na haihukumiwi kwa kipimo kimoja. Hurudiwa siku tofauti. Usianze dawa za presha kwa sababu ya namba iliyochukuliwa ukiwa na hofu. Wala usiache zile ulizopewa na daktari kwa sababu umesoma hapa.

Dakika 10 za katikati

1. Lipe jina. Kwa sauti ndogo: "Hili ni shambulio la hofu. Litapanda, litashuka." Usijiambie "sina kitu", moyo unakwenda mbio kweli, na akili haidanganyiki.

2. Tazama saa na ukumbuke dakika. Utakuja kuihitaji, na inakuonyesha kwamba jambo hili lina mwisho.

3. Toa pumzi nje kwanza. Ushauri wa "vuta pumzi ndefu" ndio unaoharibu. Mtu ambaye mapafu yake yamejaa anameza hewa zaidi juu ya ile iliyopo, kaboni dioksidi inashuka tena, ganzi inapanda hadi usoni. Puliza nje taratibu mpaka mabega yashuke, ndipo uache hewa iingie yenyewe kwa pua.

4. Endelea hivyo: hesabu 4 ikiingia kwa pua, hesabu 6 ikitoka kwa mdomo, midomo ukiikunja kama unapoza chai ya moto kikombeni bila kuimwaga. Mkono mmoja uwe tumboni. Tumbo ndilo lipande, kifua kibaki. Kila pumzi ni sekunde 10, kwa hiyo 6 kwa dakika. Fanya dakika 5. Ukiona unahangaika kutafuta hewa, hesabu zako ni ndefu mno. Shuka hadi 3 na 4. Usizuie pumzi katikati. Usivuke kasi yako ukidhani unafupisha shambulio.

5. Legeza taya, achia mabega, bandika nyayo zote mbili sakafuni. Fungua kifungo cha shingo kama kinabana.

6. Toa macho nje ya mwili. Vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, 3 unavyovisikia, 2 unavyonusa, 1 unachoonja. Ndani ya matatu si kazi: maandishi ya lori lililo mbele, rangi za shuka za wauza ndizi, mshono wa kiti, redio, mahindi ya kuchoma. Jitajie moja moja, usikimbie.

7. Baki ulipo mpaka hofu ipungue hata nusu. Kisha, ukitaka, ondoka. Hili la saba ndilo gumu. Anayeshuka hofu ikiwa kileleni, mwili wake unaandika kwamba gari ndilo lililokuwa hatari na kesho unalia king'ora mapema zaidi. Anayebaki, mwili unaandika kwamba hofu ilikuja ikaenda na gari likafika.

Kuna tofauti mbili. Anayeendesha, awe wa gari au wa bodaboda, asijikaze: aweke ishara, atoke barabarani mahali pa salama, azime injini, na kwenye mteremko kama wa Salgaa hilo si la kujadili. Angoje dakika 20 hadi 30. Lakini baada ya hapo aendelee na safari ile ile, asigeuze kurudi nyumbani. Tofauti ya pili ni wale wanaozimia wakiona damu au sindano. Kwao presha huanza kupanda kisha huanguka ghafla, na pumzi polepole peke yake haitoshi. Wakaze misuli ya mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, walegeze sekunde 20, warudie mara 5.

Mfuko wa karatasi wa kupumulia, ambao bado unaonyeshwa kwenye sinema, uache. Ukikosea na kumbe ni moyo au pumu, unamnyima mgonjwa oksijeni aliyoihitaji.

Na usingoje shambulio ndipo ujaribu pumzi hii mara ya kwanza. Ifanye dakika 5 asubuhi na 5 jioni kwa majuma mawili ukiwa umetulia. Asiyejifunza kuogelea ufukweni hatajifunza akiwa katikati ya ziwa.

Ukiwa wewe ndiye uliye karibu naye

Punguza watu. Ongea polepole, sauti ya chini, sentensi fupi. "Dada, niko hapa na wewe. Umewahi kushikwa hivi? Una pumu, sukari au shida ya moyo?" Akijibu ndiyo, rudi kwenye orodha ya dharura hapo juu. Akisema ameshapimwa na ni hofu: "Sawa. Tupumue pamoja. Toa kwanza." Kisha pumua wewe mwenyewe polepole kwa kusikika, atakufuata bila kuagizwa. Mzee mwite mzee, mama mwite mama. Heshima inashusha hofu kuliko maji ya kumwagiwa kichwani.

Usimwambie "tulia" wala "ni akili yako tu". Angeweza kutulia angetulia. Usimshike mabegani kabla ya kumuuliza. Usimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kubanwa kifua ndicho kitu cha mwisho anachohitaji. Mkitaka kumwombea, ombeni kwa sauti ndogo, mkiwa mmeketi kando, si kwa kumzunguka. Dakika 30 zikipita bila kupungua, au akipoteza fahamu, mpelekeni hospitali.

Daftari

Nunua daftari dogo la shule. Kila shambulio liwe na mstari wake: tarehe, saa, mahali, ulikuwa umekula na kunywa nini, ulilala saa ngapi, ishara ya kwanza kabisa mwilini, wazo lililofuata, kilele kati ya 0 na 10, dakika ngapi, ulifanya nini. Andika ndani ya saa moja, kwa sababu kesho kumbukumbu itakuwa imeongeza chumvi. Baada ya mashambulio matano au sita mchoro unaanza kuonekana. Mara nyingi ni usingizi wa saa 4, chai ya rangi kali juu ya tumbo tupu, kisha foleni. Au ni asubuhi baada ya pombe: pombe inapotoka mwilini inaamsha kile kile king'ora, ndiyo maana "kutoa loku" asubuhi, yaani kunywa tena kidogo ili utulie, kunaonekana kusaidia na kumbe kunafunga kitanzi. Anayekunywa kila siku asiache kwa ghafla bila daktari. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa.

Kahawa na chai kali punguza taratibu katika siku 7 hadi 10. Ukikata siku moja utapata maumivu ya kichwa na utadhani ni ugonjwa mpya.

Kujizoesha ishara za mwili

Hapa watu wanatuona kama tumerukwa na akili: unajiletea zile dalili kwa makusudi. Lakini kinachotisha ni ishara, na ishara iliyozoeleka haitishi tena. Asifanye haya mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa, seli mundu wala mjamzito, ila kwa ruhusa ya daktari. Wengine wafanye nyumbani, mtu mmoja akiwepo siku ya kwanza:

- Kukimbia ukiwa umesimama pale pale, magoti juu, dakika 1: moyo.
- Kuzunguka ukiwa umesimama au kwenye kiti kinachozunguka, dakika 1: kizunguzungu. Ondoa meza karibu.
- Kupumua kwa mrija mwembamba wa soda huku pua umeibana, dakika 1: kukosa hewa.
- Kupumua haraka na kwa kina, dakika 1: ganzi na kichwa chepesi.

Baada ya kila moja, pima hofu 0 hadi 10, ngoja ishara zishuke zenyewe bila kutumia pumzi ya 4 na 6, kisha rudia. Ile inayofanana zaidi na shambulio lako ndiyo ya kurudiwa, mara 3 hadi 5 kwa siku, mpaka hofu iwe 2 au chini. Kosa la kawaida ni kuacha sekunde ya 20, pale inapoanza kuwa mbaya. Walioko Nakuru wana mlima wao: kupanda Menengai kwa miguu kunaleta moyo wa mbio, jasho na pumzi fupi vyote kwa pamoja, mchana, mkiwa wawili.

Ngazi ya kurudia ulikofukuzwa

Andika hatua 6 hadi 8, kutoka hofu ya 3 hadi ya 9. Huu ni mfano wa mtu wa Kisumu aliyeacha kupanda magari:

Kwanza, kuketi ndani ya matatu iliyoegeshwa stejini, karibu na mlango, dakika 20. Lipa kiti ikibidi, makanga hapangishi viti vya bure. Pili, Kondele hadi mjini ukiwa na mtu. Tatu, safari hiyo hiyo peke yako. Nne, peke yako, kiti cha nyuma dirishani, saa ya msongamano. Tano, Ahero na kurudi. Sita, Kericho. Saba, Nakuru.

Kila hatua rudia mpaka kilele cha hofu kishuke hadi 3, ndipo upande. Inaweza kuchukua safari 2 au 10. Fanya angalau mara 4 kwa juma. Mara moja kwa juma haitoshi, kila Jumatatu utakuwa unaanza upya. Anayeogopa umati atumie soko la Kibuye: kwanza siku ya kawaida asubuhi, mwisho Jumapili soko likiwa limejaa.

Kinachovuruga ngazi hii ni magongo ya siri, yaani vitu unavyoviegemea. Chupa ya maji isiyotoka mkononi, kidonge mfukoni "kwa dharura", simu yenye namba ya dada iliyokwisha kubonyezwa, kiti cha mlangoni. Ukifika Nakuru ukiwa nayo yote, akili inasema chupa ndiyo iliyokufikisha. Hata pumzi ya 4 na 6 inaweza kuwa gongo: ukiifanya kwa imani kwamba bila hiyo utakufa, imegeuka kuwa sehemu ya ugonjwa. Ondoa magongo moja moja, kuanzia hatua ya tatu.

Linapokuja usiku

Wengine huamshwa nalo, saa saba au nane usiku, moyo mbio bila ndoto yoyote. Si jinamizi: kwenye jinamizi umeamka lakini mwili hausogei. Wala si ndoto mbaya, maana ndoto mbaya huachia kisa. Keti, washa taa, nyayo sakafuni, pumua kama tulivyoeleza. Usitoke kwenda kupima presha, na usihamie kulala sebuleni. Ukikosa usingizi kwa dakika 20, toka kitandani ufanye jambo la kuchosha, kama kukunja nguo, kisha urudi. Ukikoroma sana na kuamka ukikabwa kila usiku, hilo mwambie daktari. Huenda ni pumzi inayosimama usingizini.

Tiba

Mashambulio yakiwa mawili au zaidi kwa mwezi, au ukianza kukwepa mahali, tafuta msaada. Kliniki za afya ya akili zipo Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, ile ambayo wengi bado huiita Russia, katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ya Kakamega, na ya Moi huko Eldoret. Tiba ya mazungumzo inayofuata mantiki ya mwongozo huu kwa kawaida huchukua vikao 7 hadi 14. Muulize mshauri wazi: "Je, tutafanya mazoezi ya kurudia mahali ninapopaogopa?" Akijibu mtazungumza tu, tafuta mwingine.

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la fluoksetini na sertralini. Daktari huanza na kipimo kidogo, kwa mfano sertralini miligramu 25, kwa sababu majuma mawili ya kwanza zinaweza kuongeza mtetemo na wasiwasi. Hapo ndipo wengi huziacha na kusema hazifai. Nafuu huanza kati ya juma la 2 na la 6. Zikishafanya kazi huendelea miezi 6 hadi 12, kisha hupunguzwa polepole, hazikatwi. Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu mwanzoni. Akianza kuwaza kujiua, arudi kwa daktari siku hiyo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo kwa ushauri nasaha.

Diazepamu inatuliza ndani ya nusu saa, na ndio mtego wake. Ndani ya majuma machache mwili unaidai, na inakuzuia kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe. Usiinunue duka la dawa kwa vidonge vitano vitano. Aliyekwisha kuizoea asiikate ghafla. Propranololi inapunguza mdundo wa moyo, lakini kwa mwenye pumu inaweza kumfunga kifua kabisa.

Likirudi

Baada ya miezi ya kimya shambulio linaweza kuja tena, mara nyingi kipindi cha msiba au ugonjwa. Usianze vipimo upya kama dalili ni zile zile za zamani. Kama zimebadilika, pima. Fungua daftari, andika mstari wake, na ndani ya siku mbili panda gari la njia ile ile, kiti kile kile. Likikushinda, shuka ngazi mbili chini, tuseme kutoka Kericho hadi Kondele, na uanzie hapo.